Ukoo wa Bibi Somoe: Safari ya Watoto, Mwezi wa Sita

Ijumaa, usiku

Rehema (Mtwara): Asalamu alaykum ndugu zangu, na shikamooni wakubwa wote. Naomba tulimalize jambo la safari ya watoto wiki hii, kwa sababu shule za sekondari zikifungwa mwanzoni mwa mwezi wa sita kambi na loji za pembeni mwa Hifadhi ya Nyerere hugombaniwa, nasi tukisubiri mpaka dakika za mwisho tutaambiwa zimejaa. Pendekezo langu ni kulala siku mbili Mloka, karibu na lango la Mtemere: siku ya kwanza tusafiri, siku ya pili asubuhi watoto wapande boti mto Rufiji na mchana waingie hifadhini kwa gari, siku ya tatu turudi. Kila mzazi anijibu mambo mawili tu: unaleta watoto wangapi, na mchango utautoa lini?

Nuru: Shikamoo mama, shikamooni wakubwa. Sisi vijana tulikuwa tumeomba Jinja, Uganda, ambako watu hushuka mto Nile kwa boti za mpira katikati ya maji ya kasi kisha wanalala kwenye loji za msituni ukingoni mwa mto. Tunaomba ombi letu lisipite bila kujadiliwa.

Rehema: Nuru mwanangu, litajadiliwa. Ila jueni kwamba kutoka hapa kwenda Jinja ni kupita Dar es Salaam, kukata nchi nzima hadi Mutukula, kisha Kampala, na bado kuna safari mbele. Kila mtoto atahitaji hati ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, nayo chanjo hiyo huchomwa angalau siku 10 kabla ya kuingia. Fedha ya nauli peke yake inatosha kutulaza Mloka na kuturudisha nyumbani.

Baraka (Dar es Salaam): Shikamoo dada Rehema. Kwa kuwa nilikaa Kampala, naomba niseme kidogo ili vijana wasidhani wananyimwa kwa ubahili. Maji ya kasi hupangwa kwa madaraja, kuanzia la 1 hadi la 6. La 6 halipelekwi wageni, na pale Jinja wanafika hadi la 5. Baadhi ya maporomoko yaliyokuwa maarufu yalimezwa na bwawa la Bujagali lililokamilika mwaka 2012, hivyo safari sasa zinaanzia chini ya bwawa. Mnavaa jaketi okozi na kofia ngumu, mnafundishwa kupiga kasia kwa amri ya kiongozi, na watu wa mitumbwi midogo wanawafuata ili kumwokota anayeanguka. Akianguka anatakiwa alale chali, miguu itangulie anakoelekea maji, wala asijaribu kusimama, kwa kuwa mguu ukinasa kati ya mawe mkondo utamlaza kifudifudi. Wadogo huwekwa sehemu tulivu. Hawaachwi waingie kwenye maji makubwa. Ni jambo zuri sana, lakini linataka maandalizi ya mwaka, si ya wiki tano.

Fadhili (Lindi): Kwa nini basi mchezo huo tusiufanye Rufiji? Maji yapo mengi.

Baraka: Mpwa wangu, Rufiji ina viboko na mamba kila kona. Hapo hupandi boti ya mpira. Unapanda boti ya injini yenye nahodha anayejua mkondo, unakaa kitako, na mkono hauutumbukizi majini hata kwa mzaha.

Salum (Newala): Nina swali moja, nalo ni la muhimu kwa ukoo mzima. Tukifika mtoni, ile kofia ya mzee iliyoangukia mtoni tulipovuka kwa pantoni pale Ndundu tutaipitia, au imeshafika Mafia?

Asha (Dar es Salaam): Kaka Salum, kofia ile imefika Mafia zamani na sasa ina wajukuu.

Baraka: Mtu aliruka kuifuata, watu wa pantoni nzima wakamshika mguu. Sitasahau.

Rehema: Ndugu zangu, kofia ni ya enzi za pantoni, na Daraja la Mkapa limefunguliwa tangu mwaka 2003. Nimeuliza idadi ya watoto na tarehe ya mchango. Salum, wewe ndiye ulitakiwa kuwa wa kwanza kujibu.

Jumamosi, asubuhi

Rehema: Sijapata jibu hata moja, kwa hiyo naendelea. Hifadhi inatoza wenye umri wa miaka 5 hadi 15 kiingilio cha mtoto, na kuanzia miaka 16 kiingilio cha mtu mzima, kwa hiyo Nuru na Fadhili watahesabiwa wakubwa. Malipo hayafanywi kwa fedha taslimu mlangoni. Tutalipia kwa namba ya malipo. Kila mtoto abebe cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha shule. Nguo nyeusi na za bluu iliyokoza ziachwe nyumbani, maana ndizo zinazowavuta mbung'o, na mbung'o wa kule huuma hata juu ya suruali. Usiku hakuna mtoto atakayetoka hemani bila mlinzi wa kambi, kwa sababu kambi nyingi hazina uzio na kiboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi.

Naomba mnielewe kwa nini nalisukuma jambo hili. Hifadhi ile ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ndiyo kubwa kuliko zote nchini, imemegwa mwaka 2019 kutoka pori lile lile la Selous ambalo upande wetu huu limeingia hadi Liwale. Wageni wanavuka bahari kuja kuliona, na watoto wetu waliozaliwa Mtwara na Lindi wanalipita kwa basi wakiwa wamelala. Tena hawajuani. Mwezi uliopita Nuru alikaa benchi moja na mtoto wa Salum pale stendi ya Masasi na hawakusalimiana, kwa sababu hakuna aliyemtambua mwenzake. Hilo limeniumiza.

Asha: Hilo limeniingia, dada. Mimi nina mmoja. Mchango mwisho wa mwezi.

Jumamosi, jioni

Zuhura (Lindi): Nimesoma tangu jana na nilinyamaza kwa makusudi. Sina neno na safari, tena fedha yangu itakuwapo, kwa sababu mnada wa ufuta ukianza nitalipwa. Neno langu liko kwenye gari. Mnaokumbuka ile safari yetu ya Kilwa mnajua ni watoto wa nani walipanda, ni wa nani walishushwa Nangurukuru na mabegi yao, na ni mchango wa nani ambao haukurudi mpaka leo.

Rehema: Zuhura, mdogo wangu, gari la Kilwa halikukodiwa na mimi.

Zuhura: Sikukutaja, dada. Aliyelikodi yumo humu na anasoma.

Asha: Jamani, tusifike huko.

Zuhura: Tulishafika, Asha. Fadhili alikuwa na miaka tisa, na aliniuliza mbele za watu kama yeye si wa ukoo huu.

Jumapili, alfajiri

Mjomba Bakari (Lindi): Wapwa zangu, nimesomewa maneno yenu yote, na sehemu nyingine nimeomba nisomewe mara ya pili. Safari siikatazi. Rehema ana haki, watoto wajuane, na mto ule wauone wakiwa pamoja. Lakini ninyi mmeandika habari za kambi, mbung'o na nguo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni mtoto gani anajua kuogelea. Marehemu dada yangu Somoe hakukanyaga tena ukingo wa Ruvuma tangu siku tuliyomsubiri Issa mpaka jua likazama, na Issa alikuwa na umri huu huu wa Nuru. Chombo kilikuwa na nahodha siku ile pia. Hakuna mtoto wa dada zangu, wala mjukuu wao, atakayepanda chombo chochote kabla hajafundishwa kukaa majini, na jaketi atalivaa kuanzia nchi kavu. Na mchango wa Zuhura urudishwe kabla ya mchango mpya kuanza kupokelewa. Nimemaliza.

Rehema: Shikamoo mjomba. Tumesikia.

Asha: Tumesikia, mjomba.

Baraka: Tumesikia, mjomba. Shikamoo.

Mjomba Bakari: Marahaba.

Jumapili, usiku

Rehema: Ndugu zangu, kwa agizo la mjomba mpango unabadilika. Watoto wa Mtwara mjini wanaogelea, wameikulia bahari ya Shangani. Wa Lindi, Zuhura atanithibitishia. Wa Newala wamekulia juu ya tambarare ambako maji yenyewe hupandishwa kwa mitambo kutoka bondeni, kwa hiyo siwezi kuwalaumu kwa kutojua. Naomba shule zikifungwa tu, Salum awalete kwangu wakae wiki mbili. Nuru na kijana wa jirani yangu ambaye ni mvuvi watawafundisha maji yakiwa yamekupwa, mahali wanaposimama. Hivyo safari iwe wiki ya mwisho ya mwezi wa sita. Wiki hizo mbili zitawajuanisha kuliko safari yenyewe.

Nuru: Nipo tayari, mama. Na wakijua kuogelea, lile la Jinja litakuwa jepesi mwakani, au sivyo?

Rehema: La mwakani lisubiri mwakani.

Fadhili: Mama mkubwa, shuleni wametangaza kwamba sisi wa kidato cha nne tutabaki kambi ya masomo likizo yote. Sijui kama nitaruhusiwa.

Zuhura: Hilo nitaenda kulizungumza shuleni mwenyewe. Wangu watatu wote wanaogelea, Rehema.

Jumatatu, mchana

Salum: Mjomba, shikamoo. Nimechelewa kwa sababu mtandao huku shambani ni wa kupanda juu ya mti. Agizo la mjomba nimelipokea lote, pamoja na la mchango. Shida yangu ni kwamba mwezi wa sita ndio tunapuliza salfa kwenye mikorosho, na wanangu wawili ndio wasaidizi wangu. Mashine moja wanaibeba wao. Fedha nayo, mnajua korosho haziingii mnadani mpaka Oktoba. Naomba nimpigie Zuhura simu badala ya kuandika hapa.

Zuhura: Simu yangu iko wazi.

Rehema: Salum, mpeane lugha leo leo. Ukikosa wasaidizi wawili, mlete hata mmoja kwa wiki moja, na mwingine afuate. Mchango wao mimi na Asha tunaweza kuubeba mpaka korosho ziuzwe.

Asha: Mimi sijasema hivyo bado, dada. Tuzungumze pembeni.

Baraka: Na barabara? Mwezi Mei mwaka 2024, baada ya kimbunga Hidaya, ilikatika pale Somanga na magari yakalala njiani. Mvua za masika zikichelewa kuisha, tuwe na siku moja ya akiba.

Rehema: Ni kweli, nitaiongeza. Wa Newala na Masasi watatukuta Mnazi Mmoja ya Lindi, njia panda, tuendelee pamoja hadi Kibiti, halafu tuingie ile barabara ya vumbi ya Mloka mchana. Hadi sasa nina Nuru, wa Asha mmoja, wa Zuhura watatu kama shule itamruhusu Fadhili, na wa Salum hawajathibitishwa. Mama mdogo Mwanahamisi na shemeji Chande mmesoma na hamjajibu. Kambi nitaiomba itushikie nafasi mpaka Ijumaa.

Zuhura: Gari anakodi nani?

Rehema: Tutalizungumza nikishapata idadi kamili.

Zuhura: Basi andika majina ya watoto wote humu, kila mtoto na kiti chake, na gari lihesabiwe viti kabla ya kulipiwa. Wangu ni Fadhili, Tatu na Hassani.