Nani amwandikie binti yangu barua za kuombea udaktari?

Wanajumuiya, habari za jioni.

Binti yangu anasoma biolojia mwaka wa tatu hapa Ohio, na mwakani anataka kuomba vyuo vya udaktari. Baba yake keshaongea na daktari bingwa wa moyo tunayesali naye, na mchungaji naye yuko tayari kuandika. Binti kawakataa wote wawili. Anamtaka mwalimu wake wa kemia, kijana wa juzi tu, hata profesa kamili hajawa. Nyumbani hapakaliki. Waliopita njia hii tusaidieni.

Mama wa watatu, Columbus

---

Shikamoo mama.

Binti yuko sahihi, na baba naye msimlaumu. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo barua ya utambulisho unaifuata kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Anaandika kwamba wewe ni mkazi wake, anagonga muhuri, kwisha. Anayeipokea anatazama muhuri. Hata kazi tumeombeana hivyohivyo, jina la mkubwa likikaa chini ya karatasi mambo yanakwenda. Huku kamati ya udahili inaisoma barua kama ushahidi. Inamtaka mtu aliyemwona mwombaji akihangaika na jambo gumu. Asiyemwona hana la kuandika, hata awe bingwa wa mioyo yote ya Ohio.

Nimewahi kuwasaili waombaji, kwa hiyo barua za aina zote mbili nimezisoma. Ya daktari rafiki wa familia huwa na aya tatu: namfahamu tangu mdogo, katoka familia njema, ana bidii. Ukimaliza kuisoma hujamjua mtu. Ya mwalimu wa maabara inakwambia kwamba siku ya kupima asidi majibu yaligoma kulingana, wenzake wakarekebisha namba ili zikae vizuri wakaondoka, yeye akabaki hadi akagundua kiputo cha hewa kwenye bureti, ule mrija wa kupimia, na kwenye daftari akaandika namba alizozipata, mbaya zikiwemo. Huyo nataka kumwona.

Sasa utaratibu. Vyuo vingi vinataka walau barua mbili za walimu wa sayansi waliomfundisha darasani na kumpa alama, na moja ya mwalimu wa somo lisilo la sayansi. AMCAS, mfumo unaotumiwa na vyuo vingi vinavyotoa shahada ya udaktari ya MD, unapokea hadi barua 10, ila msizijaze zote kwa sababu nafasi ipo. Nne au tano zenye uzito zinatosha. Vyuo vya osteopathi, tawi jingine la udaktari lenye shahada ya DO, vina mfumo wao, AACOMAS, na vingi hupenda kuona barua ya daktari wa osteopathi. Texas nayo ina mfumo wake, TMDSAS, na masharti yake. Kila chuo kina orodha yake, aisome kabla ya kumwomba mtu yeyote.

Kwanza kabisa aulize kama chuo anachosoma kina kamati inayowaandikia wanaoomba udaktari. Ikiwepo naye akaipita pembeni, vipo vyuo vitakavyotaka maelezo.

Huyo kijana wa kemia, kama ndiye mwenye somo, hana tatizo. Kama ni msaidizi anayesoma shahada ya juu, aandike yeye, kisha profesa mwenye somo atie saini pamoja naye. Katika madarasa ya mamia ya wanafunzi ni jambo la kawaida kabisa.

Mwisho, kuna sehemu atakayoulizwa kama anaachia haki yake ya kuisoma barua, haki inayotokana na FERPA, sheria ya 1974 ya kumbukumbu za wanafunzi. Aiachie. Barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma huaminiwa kidogo.

Daktari wa familia, Minneapolis

---

Ndugu zangu, mie Mkongomani wa Dayton, tuliingia huku kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Kijana wangu alianzia chuo cha jamii, na usiku anauguza wazee kwenye nyumba ya kulelea. Walimu wa chuo cha jamii wanahesabika?

---

Baba, wanahesabika, na mara nyingi wanamjua mtoto vizuri zaidi maana madarasa ni madogo. Ila akishahamia chuo kikuu apate pia mwalimu wa sayansi wa huko. Na nesi anayemsimamia zamu za usiku asimwache. Yule wa chuo cha jamii aombwe sasa, barua ihifadhiwe Interfolio, huduma ya mtandaoni ya kutunza barua, kabla hajahama akapotea.

Minneapolis

---

Shikamooni. Mimi nimeanza udaktari mwaka huu, naomba niongeze la kwetu wanafunzi. Tumelelewa kutomsogelea mwalimu ila tukiitwa. Ofisini kwa profesa nilikuwa napita mlangoni nikijifanya naelekea kwingine! Dawa ni kwenda na swali la kweli kuhusu somo, mapema, miezi kabla ya kuhitaji chochote.

Ukiomba, usiseme tu "naomba barua". Uliza kama anakufahamu vya kutosha kukuandikia barua yenye nguvu. Mmoja alinyamaza kidogo, akasema, "Naweza kuandika kitu." Nikamshukuru nikaenda kwa mwingine. Aliyekubali nilimpelekea wasifu, alama zangu, rasimu ya insha, ripoti ya maabara aliyoisahihisha mwenyewe, na ile fomu ya AMCAS yenye namba ya barua. Nilimwomba mwezi wa pili, nikamkumbusha mwezi wa tano kwa upole. Maombi usiyacheleweshe kwa ajili ya barua, AMCAS huyahakiki bila kuzisubiri. Na kitenge cha asante mama asitume kabla barua haijafika, kitaonekana vingine.

---

Asanteni sana wanangu. Baba kasoma yote, kanyamaza, nadhani kakubali. Bado mchungaji. Binti amejitolea kwenye kliniki ya shinikizo la damu pale kanisani tangu sekondari. Hiyo si ndiyo kumwona akifanya kazi?

Mama wa watatu

---

Mama, mchungaji ndiye aliyekuwa anaiendesha, anampangia zamu?

Minneapolis

---

Hapana, anafungua kwa sala tu. Anayeendesha ni nesi mmoja mstaafu, mkali kweli.

---

Basi ni huyo nesi. Na aende binti mwenyewe kumwomba, mama usimpigie wewe.