Mrejesho: Chai yangu ya viungo iliyokuwa chungu

Wapendwa, ni mimi wa Dodoma niliyeuliza kwa nini chai yangu ya viungo inakuwa chungu na maziwa yanakatika. Asanteni sana, nimefanya mlivyonielekeza.

Jumamosi nilinunua viungo soko la Majengo, nikapika sufuria nne: tangawizi, iliki, mdalasini na karafuu. Majani yaleyale, dakika tano kila moja, tukaonja kwanza bila sukari. Uchungu ulitoka kwenye karafuu! Nilikuwa naweka kumi. Sasa mbili zinatosha chupa nzima. Iliki niliyoitwanga palepale imeishinda kwa mbali ile ya unga wa pakiti, harufu yake ilifika mpaka uani. Mama mkwe aliomba kikombe cha pili, na yeye si mtu wa kusifia ovyo.

Maziwa nayo yalikuwa yanakatwa na tangawizi mbichi. Sasa naichemsha kwanza kwenye maji mpaka iive, ndipo namimina maziwa. Hayajakatika tena.

Jambo moja zaidi: maji ya kisima chetu yana chumvi, yanaharibu ladha. Nilipotumia ya dukani, hata mdalasini ulisikika vizuri. Wiki ijayo najaribu rozela na mchaichai.