Mjadala: Duka lisilo na keshia linakukata hela kabla hujaona bili. Hii ni haki?

Wadau, habari za leo.

Kila maduka yasiyo na keshia yanapotajwa, hoja ya kwanza huwa ni ajira. Ni hoja nzito, siipingi. Ila leo naomba tumwangalie mnunuzi, maana ndiye anayeambiwa kwamba haya yote yamefanywa kwa faida yake.

Kwa asiyeyafahamu: Amazon walifungua duka la Amazon Go kwa umma mjini Seattle, Marekani, Januari 2018; maduka ya jina hilo waliyafunga mwaka 2026. Mfumo wenyewe uko hivi: unaskani simu getini, unaingia. Darini kamera zimetapakaa, na rafu zina mizani inayohisi kitu kikiondolewa. Ukichukua maziwa yanaandikwa kwenye akaunti yako, ukiyarudisha yanafutwa. Ukimaliza unatoka zako, hakuna foleni. Risiti inakufuata kwenye simu ukiwa umeshaondoka.

Ugomvi wangu uko kwenye hiyo risiti.

Keshia akipitisha bidhaa, unaiona bei. Sabuni ikisoma 3,500 wakati kwenye rafu uliona 2,800, unasema palepale, hela ikiwa bado mkononi. Hata kwa M-Pesa unaona jina la anayelipwa na kiasi kabla ya kuthibitisha malipo. TRA, mamlaka ya mapato Tanzania, nao wametuimbia miaka yote: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Sasa hapa unamdai nani, na geti umeshalivuka? Mashine ikikosea, kazi ya kuligundua kosa ni yako.

Kwa haki yao, programu ya Amazon Go ilikuwa na sehemu ya kukataa bidhaa usiyoichukua na kurudishiwa hela, tena bila usumbufu. Lakini hiyo ilimsaidia anayekaa chini kusoma risiti mstari kwa mstari. Mama aliyeingia na watoto wawili, vitu ishirini kwenye mfuko, atakumbuka jioni kama mtindi ulikuwa mmoja au miwili? Tena watoto hao wakiingia kwa akaunti yake, chochote watakachobeba ni chake kulipa.

Na kuna hili ambalo kwangu ni baya zaidi. Amazon wenyewe waliwaambia wateja wasimchukulie mtu mwingine bidhaa kwenye rafu, kwa sababu mkono ulioshusha ndio unaoandikiwa. Yaani bibi hafikii kopo la rafu ya juu, na wewe mrefu umesimama pembeni yake, unatakiwa umwache. Kwetu sisi tuliolelewa kumpokea mtu mzima mzigo, duka la namna hiyo linatufundisha nini?

Tusidanganyane pia kwamba ni mashine tupu. Mwaka 2024 chombo cha habari cha The Information kiliripoti kuwa watu wapatao 1,000 nchini India walihusika kukagua manunuzi, na kwamba mwaka 2022 karibu mauzo 700 katika kila 1,000 yalihitaji jicho la binadamu. Amazon walikanusha, wakasema kazi kubwa ya watu hao ni kuufundisha mfumo. Yeyote utakayemwamini, keshia alikuwa mbele yako ukimwona, na huyu wa kwenye kamera humjui.

Aprili mwaka huohuo Amazon wakatangaza kuuondoa mfumo huu kwenye maduka yao makubwa ya Amazon Fresh nchini Marekani, na kuweka mkazo kwenye toroli zenye skrini. Sababu mojawapo waliyoitoa: wateja walitaka kuiona risiti yao wakiwa bado wananunua. Basi wenye mali wamekiri ninachokisema hapa. Wakati huo maduka yao madogo, pamoja na biashara nyingine zinazoutumia mfumo huo, yaliendelea nao.

Suala la hela taslimu sitalirefusha. Jiji la Philadelphia, Marekani, walipiga marufuku maduka yanayokataa noti mwaka 2019, New York wakafuata mwaka 2020, kwa kuwa asiye na akaunti ya benki naye anakula.

Msimamo wangu: duka lisiruhusiwe kukata hela kabla mteja hajaona jumla na kuikubali. Skrini moja getini inatosha. Najua wapo watakaosema hiyo inarudisha foleni. Kama kuangalia bili kwa sekunde chache kunaua biashara nzima, basi biashara hiyo ilikuwa inategemea watu kutoangalia.

Nawasikiliza wenye mawazo tofauti, hasa mnaoona foleni ni kero kubwa kuliko bili isiyoonekana. Na ndugu zetu mlioko Uingereza, ambako Tesco na Aldi wamejaribu maduka haya jijini London: risiti ilichukua muda gani kufika, na mlipoihakiki ilikuwa sahihi?