Pikapu (kinasa mlio wa nyuzi) ya gitaa la kupakata imekufa

Mpigasolo, Tabora:
Wakuu, baba mdogo kaniachia gitaa la Rickenbacker la kupakata, bodi ya bakelaiti (plastiki ngumu ya zamani), pikapu ya sumaku mbili za umbo la kwato. Haitoi mlio. Mita nikigusisha kwenye nyaya za pikapu haisomi kitu. Fundi redio wa Isevya anataka kusuka koili yote (waya uliozungushwa ndani ya pikapu) upya. Roho yangu inasita.

Kigoma_Nyaya:
Mkatalie kwanza. Koili imekatika, ndiyo, ila mara nyingi hukatikia ncha, pale ilipochomewa risasi. Tafuta kwa lenzi, kwa subira. Ikiwa imekatikia ndani kabisa, hapo isukwe upya.

Bibi wa Besi:
Na bakelaiti usiipige msasa, utaua mng'ao. Kitambaa laini tu. Juani usiianike, tyuningi itahama.

Mpigasolo:
Shikamoo bibi. Ncha ya nje ndiyo imeachia! Waya kama unywele. Naazima hita ndogo ya kuchomelea risasi.