Tupeane uzoefu: gemu ya kurukaruka uliyocheza utotoni na leo hakuna anayeitaja

Mwanzisha uzi (Dar):

Wakuu, kila tukigusa habari za gemu za zamani, wa kwanza anasema Mario, wa pili anasema Contra, wa tatu anaandika ile kodi ya siri ya kubonyeza juu juu chini chini, mada imeisha. Leo hao wapumzike. Nataka zile zilizokaa katikati ya orodha, ambazo ulizifikia baada ya kubonyeza mshale wa chini mpaka kidole kikauma, au ulizicheza kwa sababu kaseti nzuri imeazimwa na jirani hajairudisha.

Kwa vijana waliozaliwa na simu mkononi: mashine zetu nyingi zilikuwa nakala za Famicom, ile ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983. Jina la Nintendo hulioni popote. Kaseti inakuambia ina gemu 9999999, ukianza kuzipitia unakuta ni zilezile chache zinajirudia, moja inaanzia steji ya tatu, nyingine steringi kaongezewa kasi tu.

Naanza mimi: Adventure Island. Jamaa ana kitambi, kifua wazi, kavaa majani kiunoni na kofia nyeupe. Juu ya kioo kuna vijistari vya nguvu, na vinapungua hata ukiwa umesimama hufanyi kitu. Lazima ukimbie ule matunda. Hii gemu haikupi nafasi ya kujikuna. Ukipasua yai unapata shoka la mawe, au ubao wa magurudumu ambao ukishaupanda hausimami, kazi yako ni kuruka na kuomba. Na kuna yai lingine ukilipasua linatoa bilinganya. Sikia vizuri, bilinganya! Linakuganda kichwani linakunyonya nguvu, unaona mistari inateremka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mpaka leo mke wangu akipika bilinganya nalitazama mara mbili.

Ukubwani ndio nikajua kisa chake. Gemu yenyewe awali ni Wonder Boy ya Sega, 1986. Hudson Soft walipoihamishia Famicom, jina na mhusika vilikuwa vya Sega, basi wakamweka mfanyakazi wao, Takahashi, ambaye Japani alikuwa maarufu kwa kubonyeza kitufe mara 16 kwa sekunde moja. Yule mwenye kitambi ni mtu wa kweli! Sisi pedi zetu zilikuwa na vile vitufe viwili vya turbo, unashikilia tu shoka zinatoka zenyewe, kwa hiyo Takahashi alikuwa hatuwezi chochote.

Karibuni. Taja gemu, ulicheza wapi, na kitu gani hasa unakikumbuka.

Mdau, Mwanza:

Ice Climber. Wanaitwa Popo na Nana, wa bluu na wa waridi, wana nyundo, wanapasua barafu juu yao wapande mlima. Nintendo waliitoa 1985 na milima yake ni 32, unachagua unaoutaka tangu mwanzo.

Mimi ni kitinda mimba, kwa hiyo pedi ya pili ndiyo haki yangu na Nana ndiye mimi, sina rufaa. Sasa sheria ya gemu ile ni kwamba aliye juu akipanda, picha inapanda naye, na aliyebaki chini akipotelea nje ya kioo amekufa. Kaka yangu alilijua hilo kabla yangu. Alikuwa ananisubiri nipasue tundu, nikishamaliza kazi anapita kwenye tundu langu, anaruka mara mbili, mimi huyo nimetumbukia. Halafu anasema kwa sauti ya upole, "Panda haraka basi, mdogo wangu."

Na kuruka kwenyewe si mchezo. Yule mtoto anaruka juu vizuri kabisa, ila kwenda pembeni ni kama kafungwa kamba. Ukichelewa sana anatokea dubu mweupe kavaa miwani ya jua, anakanyaga chini puu, picha inapanda kwa nguvu. Tulipofika ukubwani nilimuuliza kaka kama anakumbuka. Anasema anakumbuka dubu tu.

Mdau, Unguja:

Assalaam alaykum. Wanaume mmejaza, na sie wa kike tulicheza jamani.

Yangu ni ya sarakasi, Circus Charlie. Ami yangu alikuwa akikaa Maskati, kila akija likizo sanduku lake halikosi kitu cha watoto, na safari hiyo alikuja na mashine na kaseti mbili. Moja haikufanya kazi hata siku moja. Hii nyengine ndiyo iliyotulea.

Steji ya mwanzo umepanda simba, unaruka vyungu vya moto na duara za moto. Zipo duara kubwa na duara ndogo, ile ndogo ndani yake mna kifuko cha pesa na ndiyo inayouwa watu, maana tamaa. Ya pili unatembea juu ya kamba, nyani wanakuja mbele yako, wa kawaida mwendo wake taratibu, mwengine anakuja mbio anamruka mwenzake. Tatu mipira, nne farasi, tano bembea. Ukimaliza bembea unarudi kwa simba, na sasa kila kitu kigumu zaidi. Haina mwisho wa kusema umeshinda, nenda kalale.

Dada zangu na mimi tulikuwa na utaratibu wetu: kila mtu ana steji yake. Mimi wa kamba. Dada mkubwa wa bembea kwa sababu hana haraka. Ikifika zamu ya mtu tunapokezana pedi bila kusema neno, na ole wako ufe wewe kwenye steji yako. Bibi akikaa nyuma yetu na uradi wake, hajui gemu ni nini, lakini nyani wa mbio akitokea yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele "Huyo huyo!"

Nimesoma kuwa Konami waliitoa 1984 kwa mashine kubwa za kutia sarafu, ya Famicom ikaja 1986 na iliuzwa Japani tu. Marekani hawakuuziwa rasmi. Sisi Unguja tumeicheza.

Mdau, Mombasa:

Dada wa Unguja umenimaliza na huyo bibi.

Mimi Felix the Cat, ya Hudson pia, 1992. Paka mweusi na mkoba wake wa ajabu. Unaanza na ngumi inayotoka mkobani. Ukiokota vichwa vyake vya kutosha anavaa kofia ndefu ya mazingaombwe, ukiendelea anapanda gari linalopiga honi, mwisho anakaa ndani ya kifaru. Ukigongwa unashushwa cheo kimoja, hufi papo hapo. Nyakati zile gemu nyingi zilikuwa katili, hii ilikuwa na huruma, na nadhani ndiyo sababu wakubwa waliidharau, wakaiita ya watoto.

Shida haikuwa gemu, ilikuwa TV. Yetu ilikuwa ya chogo, ya vitufe, na nyuma ya kifuniko kidogo pale mbele kuna vigurudumu vya kutafutia chaneli. Wazungusha kwa ukucha, pole pole, mpaka chenga zigeuke picha. Ikikaa sawa mtu asiguse. Na kaseti ilikuwa haikai wima, kwa hiyo twatia njiti mbili za kiberiti kwa mbele, si tatu, ukitia tatu picha yageuka miraba ya rangi. Babangu akija saa ya habari azungusha kile kigurudumu bila huruma kurudi KBC, na sisi kesho yake twaanza upya na ukucha.

Mdau, Nairobi:

Sisi hatukuwa na mashine nyumbani. Yangu ni Dangerous Dave, kwenye maabara ya kompyuta shuleni. Nani alileta ile disketi hakuna aliyewahi kusema.

Jamaa ana kofia nyekundu, unachukua kikombe, mlango unafunguka, unatoka. Basi. Steji kumi. Lakini moto, maji, yale majani ya zambarau yanayocheza, vyote vikikugusa umeisha. Kuna mahali unapata mtungi wa kuruka mgongoni, na hapo darasa zima husimama. Mwalimu aligundua kwa sababu kompyuta zote zilikuwa na mshale wa juu uliolegea.

Aliyeitengeneza ni John Romero, 1988, na miaka mitano baadaye yumo kwenye kundi lililotoa gemu ya Doom. Kila mtu anamjua kwa Doom. Mimi namjua kwa kikombe.

Mdau, Dodoma:

Mimi nitachekwa lakini naisema: Bounce. Kimpira chekundu kwenye Nokia ya mama.

Mdau, Mwanza:

Mtoto wa juzi huyo. Tunaongelea kaseti, wewe unaleta simu.

Mdau, Dodoma:

Kaka, inarukaruka hairukiruki? Ina miiba, ina pete za kupita, ina maji. Ukiwa mdogo unazama, ukijazwa upepo ukawa mkubwa unaelea, kwa hiyo kuna sehemu inabidi ujue lini uwe mkubwa lini uwe mdogo. Steji 11. Na nyinyi mlikuwa mnagombania pedi na kaka, mimi nilikuwa nagombania simu na mama mwenyewe! Nimefika steji ya saba sijawahi kufika, jasho linatoka, simu inaita: shangazi. Anampigia mama kumuuliza kama amefika salama kutoka sokoni. Nampelekea mama simu huku nalia, anadhani nimepata habari ya msiba.

Mwanzisha uzi (Dar):

Nimeruhusu, Bounce imo. Tena mojawapo ya zilizoifuata, Bounce Tales ya 2008, iliundwa na Rovio, haohao ambao mwaka uliofuata walitoa Angry Birds dunia nzima ikasimama. Kwa hiyo Mwanza mheshimu mdogo wako, asije akakupandia juu ukatumbukia.

Nyongeza kwa Ice Climber: wale viumbe wanaosukuma barafu kuziba tundu zenu, kwenye toleo la Japani ni sili, wanyama wa baharini. Toleo la Marekani wakageuzwa manyoya-manyoya, kwa sababu kumpiga sili nyundo kungeleta maneno. Angalia kumbukumbu yako, utajua kaseti yako ilitokana na lipi.

Mdau, Mwanza:

Zilikuwa zinateleza na zina mkia wa samaki. Ya Japani hiyo. Dodoma nimekusamehe.

Mdau, Morogoro:

Naombeni msaada, hii nimeitafuta jina miaka. Nyumba ya ghorofa imekatwa, unaona vyumba vyote. Kuna panya anakimbia na kuna mapaka. Panya akiruka kwenye shimo anadunda kwenye kitambaa kinabadilika rangi. Anaiba redio, anaiba TV, kuna na picha ya mwanamke ukutani anaiba. Muziki wake naweza kuupiga mluzi sasa hivi.

Mwanzisha uzi (Dar):

Hiyo ni Mappy, ya Namco, 1983. Kile kitambaa ni trampolini: kikianza kijani bado kizima, kinaenda bluu, njano, kikishakuwa chekundu ukidunda tena bila kutua kwenye sakafu kinakatika. Milango nayo ni silaha, ukiufungua paka akiwa karibu unamrusha. Ile ya kumeremeta inatoa wimbi linalowazoa wote.

Ila rekebisha kitu kimoja. Panya haibi. Panya ni polisi. Mapaka ndio walioiba, na zile redio, TV, kompyuta, picha ya Mona Lisa na kasiki anazirudisha.

Mdau, Morogoro:

Subiri kwanza. Panya ni askari?

Mjomba wangu alikuwa anatoka kazini, anapita sebuleni, kila siku swali lake ni lilelile: "Huyo mwizi wenu bado hawajamkamata?" Na sisi kwa fahari kabisa tunamjibu: "Hawamwezi, mjomba!"