Tupeane uzoefu: Timu ya hoki ya ligi ndogo kufuzu mtoano, tunapimaje nafasi yake na shabiki anasaidia wapi?

Baharia wa Portland (mwanzisha mada)

Habari za jioni wakuu. Machi ikishafika, anayefuata Maine Mariners, timu ya hoki ya barafu ya hapa Portland, jimbo la Maine, Marekani, huwa na swali moja: mtoano tunaingia au hatuingii? Hapa Portland na Lewiston wazungumzaji wa Kiswahili tupo wengi, wa Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko, na wapo wanaokwenda uwanjani bila kujua msimamo unasomwaje. Mwenye hesabu alete hesabu, anayeujua ukumbi aeleze ukumbi.

Kwa mgeni wa hoki ya barafu: Mariners wako ECHL, ngazi ya tatu. Juu yao kuna Providence Bruins wa AHL, na juu kabisa Boston Bruins wa NHL. Msimu una mechi 72, Oktoba hadi Aprili. Timu nne za juu za kila kundi zinafuzu, makundi ni manne, jumla 16. Kila raundi anayetangulia kushinda mara nne anasonga mbele. Raundi ni nne, na bingwa anabeba Kombe la Kelly. Huku hakuna kushuka daraja. Ukishika mkia unabaki palepale.

Hatari iko kwingine, kwenye timu kuhamishwa. Portland Pirates, timu iliyokuwa hapa kabla, walibeba Kombe la Calder, la ubingwa wa AHL, mwaka 1994, lakini mwaka 2016 waliuzwa na kupelekwa Springfield, Massachusetts. Mji ukakaa misimu miwili mizima bila hoki ya kulipwa, hadi Mariners walipoanza Oktoba 2018. Ndiyo maana nimeunganisha mambo mawili kwenye uzi mmoja: nafasi ya kufuzu, na shabiki anasaidia wapi. Karibuni.

Hesabu Kwanza

Nianze na kusoma msimamo, maana wengi hukosea hapo. Rekodi ya timu ina namba nne, tuseme 33-22-4-1. Ya kwanza ni ushindi, ya pili ni vipigo vya dakika 60, ya tatu ni vipigo vya muda wa nyongeza, ya nne ni vipigo vya penalti. Ushindi wowote ni pointi 2. Ukifungwa ndani ya dakika 60 hupati kitu; ukifungwa baada ya hapo unapata 1. Kwa hiyo timu hii ina 66 + 4 + 1 = 71, katika mechi 60.

Usilinganishe pointi tupu kati ya timu na timu. Ratiba za ligi hii hazilingani. Februari unaweza kukuta Worcester Railers wamecheza mechi nne zaidi yenu. Gawanya pointi ulizopata kwa pointi ambazo zingepatikana: 71 ÷ 120 = 0.592. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha. Zidisha kwa 144, ambazo ni pointi zote za msimu, na utaona timu inaelekea kumaliza na 85.

Zikibaki mechi kumi hivi, acha makadirio, tumia hesabu ya kufuzu. Chukua timu ya tano, jumlisha pointi zake na mara mbili ya mechi zilizobaki, ongeza 1, kisha toa pointi zenu. Mfano: wa tano ana 66 na mechi 6, upeo wake ni 78. Nyinyi mna 70. 79 − 70 = 9. Kila pointi mnayopata inapunguza 9 hiyo, na kila pointi anayoipoteza yeye inaipunguza pia.

Sasa angalia mechi ya nyinyi kwa nyinyi. Mkimfunga ndani ya dakika 60, 9 inashuka kwa 4: nyinyi mmepata 2, yeye amepoteza 2. Mkimfunga kwenye muda wa nyongeza inashuka kwa 3 tu, kwa sababu ameondoka na moja. Hapo ndipo utaelewa kwa nini kocha aliye nyuma kwa pointi anamtoa golikipa ili aongeze mshambuliaji dakika ya 58 wakiwa sare na mpinzani wa moja kwa moja. Ni nadra, lakini ina akili.

Lango Wazi

Hesabu za mkuu hapo juu ni sahihi, ila msimamo unakuonyesha timu ilivyokuwa. Aprili atacheza nani? ECHL ni ligi ya kupandishwa na kushushwa wachezaji. Boston wakipata majeruhi wawili wanachukua watu Providence, Providence wanachukua Mariners, na ghafla safu ya kwanza imekatika. Kila siku ya mechi fungua orodha ya uhamisho kwenye tovuti ya ligi, inawekwa wazi. Tafuta vitu viwili: nani ameitwa juu, na nani amerudishwa. Mchezaji mwenye mkataba wa AHL au NHL hamna uhakika naye. Mwenye mkataba wa ECHL yenyewe naye anaweza kuchukuliwa kwa majaribio na timu yoyote ya AHL, hata isiyo ndugu yenu.

Halafu golikipa. Hapa ndipo ningeweka uzito wote. Katikati ya msimu makocha wanazungusha makipa wawili kwa sababu ya wikiendi za mechi tatu mfululizo, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Kwenye mtoano kwa kawaida anasimama mmoja. Hivyo wastani wa timu nzima unadanganya. Mtazame yule mmoja. Anayeokoa asilimia 92 na anayeokoa 89 wanaonekana karibu sana, lakini kwa mashuti 30 kwa mechi tofauti ni goli 0.9. Katika ligi ambayo mechi nyingi zinaamuliwa kwa goli moja, hiyo ni mechi nzima.

Kipimo cha tatu ni adhabu, yaani mchezaji anapotolewa kwa muda na timu yake inabaki pungufu. Chukua asilimia ya kufunga mkiwa na mtu mmoja zaidi, jumlisha na asilimia ya kutofungwa mkiwa pungufu. 20 + 82 = 102, vizuri. Ikiwa chini ya 100, timu inapoteza kwenye adhabu kile inachopata ikiwa tano kwa tano.

Mama wa Lewiston

Wanangu, nimesoma za hesabu, sasa niseme za viti. Cross Insurance Arena inachukua watazamaji zaidi ya 6,000 wa hoki. Jumamosi ya Januari yenye zawadi za watoto inajaa bila shida. Mechi ya kwanza ya mtoano, Jumatano ya Aprili, ndiyo inayobaki na mapengo, na sababu si kwamba watu wameichoka timu. Tiketi za ligi ndogo zinauzwa sana kwa makundi: shule, makanisa, kampuni, klabu za watoto. Makundi hayo yanapangwa mwezi mmoja au miwili kabla. Ratiba ya mtoano inajulikana siku chache tu kabla, basi makundi yanakosekana siku ile ile timu inapoyahitaji.

Dawa yake ni kujipanga kabla ya kufuzu. Tengenezeni orodha ya WhatsApp mwanzoni mwa Machi, watu 20 wanatosha kuitwa kundi. Mtu mmoja tu akusanye fedha. Apige simu ofisi ya tiketi ya timu, aombe viti vya pamoja kwa mechi ya kwanza au ya pili nyumbani, yoyote itakayotangazwa, na aulize fedha zinarudishwaje mechi isipochezwa, maana mechi ya tano, ya sita na ya saba huwa ni za «kama zitahitajika». Nunueni kwa timu yenyewe. Tiketi ya mtandao wa walanguzi ilishalipwa mara moja. Ile nyongeza unayolipa haifiki kwa timu.

Wa Lewiston kumbukeni ni kilomita 55 hivi, na Aprili ya Maine bado inaweza kuleta theluji. Ondokeni mapema. Watoto wavae koti na kofia hata kama nje kuna jua. Ukumbini kuna baridi ya kudumu, na mtoto akishaanza kutetemeka kipindi cha pili mmeshaikosa mechi.

Kiti cha Pembeni

Shikamoo mama, umemaliza la viti. Mimi niongeze wakati wa kupiga kelele, maana kelele za ovyo hazina faida.

Kipindi cha pili timu zinabadilishana malango, na benchi la kila timu linakuwa mbali na lango lake. Mabeki wakibanwa nyuma hawawezi kubadilishana na wenzao kirahisi. Zamu moja ya mchezaji ni kama sekunde 45. Ikifika dakika nzima utaona dalili: fimbo inashikwa kwa mikono miwili juu ya magoti, mgongo umeinama, mguu unatelezeshwa badala ya kusukumwa. Hapo ndipo ukumbi mzima unatakiwa kusimama. Wapinzani wakikitupa kile kisahani kinachochezwa badala ya mpira moja kwa moja hadi mwisho wa upande wa pili kuokoa roho, mwamuzi anapuliza, kinarudishwa kwao na hawaruhusiwi kubadilisha watu. Kocha wenu anaruhusiwa, tena aingize safu yake bora. Piga makofi kuanzia filimbi ile hadi kisahani kidondoshwe. Magoli mengi ya kipindi cha pili yanazaliwa hivyo.

Kuhusu kukaa: safu za chini kabisa nyuma ya kioo zinavutia macho, lakini upande wa mbali huoni kitu. Panda safu ya nane hadi ya kumi na tano, kwenye kona. Na usishuke ngazi mchezo ukiendelea. Wahudumu watakusimamisha juu mpaka filimbi ilie, na wako sahihi.

Hesabu Kwanza

Nyongeza kuhusu kuanzia nyumbani. Wengi wanadhani kumaliza wa pili badala ya wa tatu ni heshima tu. ECHL mara nyingi hutumia mpangilio wa 2-3-2, kupunguza safari na kwa sababu ukumbi unaweza kuwa umekodishwa kwa tamasha. Aliye juu anaanza na mbili kwake, kisha anakwenda tatu kwa mwenzake. Akipoteza moja kati ya mbili za mwanzo, mpinzani akishinda zote tatu za katikati mambo yameisha bila kurudi nyumbani. Kwa hiyo aliye juu ndiye anayehitaji ukumbi uliojaa mechi ya kwanza na ya pili, ile Jumatano aliyoitaja mama.

Barafu ya Nairobi

Hongereni. Sisi tuliojua mchezo huu kupitia timu ya Kenya Ice Lions, kwenye ile barafu ndogo ya hoteli ya Panari, tunawafuata kwa FloHockey, ndiko mechi za ECHL zinakorushwa. Wenye ndugu Maine wajue saa: mechi ya saa moja jioni Portland ni saa tisa usiku Afrika Mashariki. Wamarekani wakisogeza saa zao mbele, Jumapili ya pili ya Machi, inakuwa saa nane usiku. Mtoano unachezwa baada ya hapo, kwa hiyo mechi zake za saa moja jioni zinaangukia saa nane.

Swali: ngoma na vuvuzela vinaruhusiwa? Na kwenye mtoano muda wa nyongeza unakuwaje, isije mtu akazima simu mapema.

Kiti cha Pembeni

Mkuu, ngoma inategemea ukumbi. Piga ofisi ya timu siku tatu nne kabla, taja ukubwa wa ngoma na sehemu mtakayokaa. Kundi lenye tiketi za pamoja husikilizwa zaidi kuliko mtu mmoja mlangoni. Vuvuzela acheni nyumbani. Vyombo vya kupuliza kumbi nyingi haziviruhusu, tena sauti yake inafunika filimbi ya mwamuzi.

Muda wa nyongeza: msimu wa kawaida ni watatu kwa watatu, muda mfupi, kisha penalti. Mtoano penalti hakuna. Wanacheza watano kwa watano, vipindi vizima vya dakika 20, goli la kwanza linamaliza. Kati ya kipindi na kipindi barafu inalainishwa upya. Ikifika kipindi cha pili cha nyongeza, kwako Nairobi adhana ya alfajiri itakukuta macho. Chaji simu.