Kudondosha makopo ya oksidi ya plutoni: kipimo cha heli kinatosha?

Kopo_Lita8:
Wakuu, naandaa utaratibu wa kudondosha makopo ya chuma cha pua ya kuhifadhia oksidi ya plutoni, mfano wa SAVY-4000 ya maabara ya nyuklia ya Los Alamos, Marekani: oringi (pete ya kuziba) ya Viton, aina ya mpira, na chujio kifunikoni la kupitisha hidrojeni. Pendekezo lililopo ni kupima uvujaji kwa heli kabla na baada ya kudondosha. Linatosha kuthibitisha hakuna vumbi lililotoka? Na unga mbadala wa kujaribia badala ya plutoni uwe upi?

Chujio:
Halitoshi, mkuu. Kopo likigonga chini, kifuniko kinaweza kupinda na kurudi ndani ya milisekunde. Oringi inaachia kisha inakaa tena. Wakati huohuo mzigo unabana hewa ya ndani na kuisukuma nje na vumbi lake. Heli baadaye itakuambia kopo ni zima, na vumbi limeshatoka. Lazima uzingire mahali pa kugonga.

Tumia kibanda cha bati kilichounganishwa na ardhi, si plastiki, maana umeme tuli hunasa chembe ukutani. Bamba la kugongea liwe chuma cha sm 4 au zaidi juu ya zege, vyote viwe na uzito wa mara 10 ya kopo au zaidi. Kwa kibanda cha mita 1 ya ujazo, pampu ya lita 100 kwa dakika inahitaji dakika 30 na feni ndogo ya kuchanganya hewa. Hapo umevuta takriban 95% ya kinachoelea. Hewa inayoingia ipite kwenye chujio, na pampu iwashwe KABLA ya kuachia kopo. Chembe yenye kipenyo cha aerodinamiki cha mikromita 10 (yaani inayoshuka hewani kama tone la maji la ukubwa huo) inashuka kama mm 3 kwa sekunde, hivyo nyingi zitatua kabla hujazivuta. Futa kuta, sakafu na nje ya kopo, upime vitambaa pia.

Unga_Mweupe:
Unga mbadala wa kawaida ni oksidi ya seri (cerium), metali isiyo na mionzi ya plutoni. Msongamano wake ni gramu 7.2 kwa sm za ujazo, wa oksidi ya plutoni ni 11.5, kwa hiyo usilinganishe ukubwa wa chembe kwa hadubini pekee. Kipenyo cha aerodinamiki cha mikromita 10, mpaka wa vumbi linalohesabiwa kufika mapafuni, ni takriban mikromita 3 halisi kwa plutoni na 3.7 kwa seri. Kausha unga, ukishika unyevu unagandamana na matokeo yanapendeza bure.

Hatari nyingine: seri imo kwenye udongo na vumbi la zege. Dondosha kwanza kopo lenye uzito uleule bila unga, upate kiwango cha msingi. Mashine ya kuhesabu chembe kwa mwanga haitofautishi kutu na seri. Vichujio vya pampu vilivyokusanya vumbi vipelekwe maabara vipimwe seri yenyewe.

Kopo_Lita8:
Asanteni. Mkao gani wa kuangukia?

Chujio:
Anza na ukingo wa kifuniko, kitovu cha uzito kikiwa juu kabisa ya pale panapogonga. Kisha kifuniko chini, kisha ubavu. Kila mara kopo jipya. Kimo kisipungue kile cha rafu ya juu kabisa. Rudia kwenye baridi kali zaidi ya ghala lako, maana Viton hukakamaa.

Kwenye hesabu, kitabu cha DOE-HDBK-3010 cha Wizara ya Nishati ya Marekani kinatoa 0.002 (sehemu inayopeperuka) × 0.3 (sehemu ya hiyo inayoweza kufika mapafuni) kwa unga uliomwagika kutoka chini ya mita 3. Kwa gramu 1,000 hiyo ni gramu 0.6 za vumbi la mapafuni bila kopo lolote. Ukikusanya miligramu 0.6 za vumbi la ukubwa huo, kopo limepitisha sehemu 1 kwa 1,000 ya kiasi hicho. Kabla ya kuanza, hakikisha maabara inaweza kuona kiasi kidogo zaidi ya hapo, la sivyo "hakuna kilichoonekana" haitakuwa na maana.